Glavu za mikwaruzo kwa kazi ya kostiki, na bado wananikata pesa!!

Wasee, naandika na mkono mmoja, huu mwingine umefungwa bandeji, makosa mtanivumilia.

Mimi ni kibarua kwa kiwanda cha sukari huku magharibi, jina siweki juu bado natafuta unga hapo. Tunasafisha ile mitungi mikubwa ya kuchemshia maji ya miwa. Ndani kuna mirija inashika ukoko kama sufuria ya ugali na ukoko wenyewe hautoki bila kostiki soda ya moto, ile kemikali kali ya kuyeyusha uchafu. Sasa kostiki kama haijawahi kukugusa, usidhani lazima ikuchome papo hapo kama chai. Inateleza tu, unaskia vidole ni kama umeshika sabuni, unaendelea na kazi, kumbe ni mafuta ya ngozi yako mwenyewe ndio yanageuka sabuni.

Jumanne stoo wakanipea glavu mpya, nikafurahi kama mjinga. Kiganja raba, mgongo wa mkono kitambaa kitupu! Kostiki ikaruka kidogo, kitambaa kikainyonya, ikakaa hapo inanila polepole, heri ningekuwa mikono mitupu ningeiona nikaosha. Nikakimbilia shawa ya dharura, nikavuta mnyororo, ikakohoa ikatoa kutu. Jamaa wa shifti yangu ndio walinimwagia maji yao ya kunywa, jerikeni mbili zikaisha.

Nyumbani nikatulia nikasoma lebo ya hiyo glavu. Imechorwa nyundo, imeandikwa EN 388. Hiyo ni ya mikwaruzo na kukatwa, ya mtu anabeba mabati! Ya kemikali huchorwa chupa ya maabara, EN 374, na chini kunakuwa na herufi za zile kemikali imepimwa nazo, kostiki ni K. Herufi moja tu bana, na mtu wa manunuzi ako na ofisi na kiti cha kuzunguka.

Sasa hapa ndio damu ilichemka. Jana Jumamosi siku ya malipo, nakuta nimekatwa 300 ya glavu "iliyoharibika". Supavaiza ananiambia nilizembea. Sheria ya Kenya ya usalama kazini ya 2007, kifungu cha 101, inasema mwajiri ndiye anapeana nguo za kujikinga na kuzitunza, na ziwe zinafaa hiyo kazi, glavu zimetajwa kabisa. Tena pahali pako na watu 20 na zaidi panafaa kuwa na kamati ya usalama. Sisi tunapita mia mbili na hiyo kamati sijawahi kuiona, labda hukutana usiku. Wakaguzi wakikuja ndio utaona gambuti mpya, miwani, aproni mpaka magotini, tunapigwa picha, saa kumi zote zinarudi stoo zinafungiwa kofuli.

Ajali inafaa kuripotiwa na mwajiri ndani ya siku 7. Leo ni ya tano. Kiwanda kinasema mimi ni wa kontrakta, kontrakta anasema ajali ni ya kiwanda, fomu hakuna. Kuna mtu hapa ashaenda mwenyewe ofisi ya DOSHS (wale wa serikali wa usalama na afya kazini) Kisumu bila fomu ya mwajiri akasikizwa? Glavu ninayo, nimeifunga kwa nailoni, lebo bado inasomeka. Nibebe nini kingine?