Reykjavik au Helsinki: mji upi unafaa kwa siku sita za mwezi wa Machi?

Swali:
Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Ninasafiri na mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 71, katikati ya mwezi wa Machi, nasi tumekwama kati ya Reykjavik, mji mkuu wa Iceland, na Helsinki, mji mkuu wa Finland. Hamu yake kubwa ni kuiona aurora, ile mianga ya kijani inayocheza angani usiku. Mimi nataka mji tunaoweza kuuzunguka bila gari, kwa kuwa sijawahi kushika usukani juu ya theluji, naye magoti hayamruhusu kutembea mwendo mrefu. Viza hainisumbui, maana nchi zote mbili zimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mngekuwa ninyi, mngechagua upi?

Jibu la kwanza:
Kama aurora ndiyo inayomtoa mama nyumbani, nendeni Reykjavik. Mji huo upo kwenye latitudo ya nyuzi 64 kaskazini, jirani kabisa na ukanda ambamo mianga hiyo huonekana mara nyingi, ilhali Helsinki ipo nyuzi 60, na huko huonekana kwa nadra, hasa pale dhoruba ya jua inapokuwa kali. Machi nao ni mwezi mzuri, kwa sababu misukosuko ya sumaku ya dunia, inayoileta mianga hiyo, huelekea kuongezeka karibu na siku ambazo usiku na mchana hulingana. Adui wenu atakuwa mawingu. Kwa hiyo katieni tiketi ya basi la kuisaka aurora usiku wa kwanza kabisa, kwani wenye mabasi wengi humrudisha abiria siku nyingine bila malipo ikiwa hakuona kitu.

Gari msikodi. Mimi nilikodi, nikajuta: nilifungua mlango upepo ukivuma kutoka nyuma, ukanipokonya mlango mkononi hadi bawaba zikapinda, na pale ofisini nikaonyeshwa kifungu kilichosema kwamba bima hailipii milango iliyoharibiwa na upepo. Kuna mabasi ya kwenda na kurudi siku moja yanayopita Þingvellir, mahali ambapo bunge la Iceland lilianzishwa mwaka 930, kisha Strokkur, chemchemi inayorusha maji moto juu kila baada ya dakika 6 hadi 10, na hatimaye maporomoko ya Gullfoss. Strokkur mama ataifikia bila taabu. Gullfoss aitazamie juu, kwa sababu njia ya kushukia huganda.

Jibu la pili:
Ndugu aliyetangulia amejibu vizuri habari za anga, lakini za magoti amezigusa juu juu. Iceland haina reli hata moja, na uwanja wa ndege wa Keflavik upo kilomita 50 hivi kutoka mjini. Helsinki mnapanda treni uwanjani, na baada ya nusu saa mnashuka katikati ya mji, hatua chache kutoka Oodi, maktaba iliyofunguliwa Desemba 2018, ambamo mtu anaweza kukaa kutwa bila kulipa senti. Tramu zitawafikisha karibu na kanisa la Temppeliaukio, lililochongwa ndani ya mwamba na kukamilika mwaka 1969. Feri ya kwenda ngome ya Suomenlinna huchukua dakika 15 na huendelea kusafiri hata majira ya baridi. Kama bahari imeganda mwaka huo, mtasikia vipande vya barafu vikigonga ubavu wa chombo njia nzima. Nakiri kwamba njia za kisiwani zina mawe yanayosumbua. Siku ikibaki, Tallinn, mji mkuu wa Estonia, ni saa mbili kwa feri.

Jibu la tatu:
Naongeza jambo moja ambalo huenda likamaliza ubishi. Mabwawa ya kuogelea ya umma ya Reykjavik yana madimbwi ya nje yenye maji moto yatokayo ardhini, kama yale ya Laugardalslaug yenye nyuzijoto 38 hadi 44, na hakuna dawa ya goti lililochoka ninayoiamini kuliko hiyo. Baadhi ya mitaa ya katikati ya mji pia hupashwa joto kwa maji hayo kutoka chini, kwa hiyo theluji haikai. Kwingineko, mnunulieni mama vile vyuma vya kuzuia kuteleza vinavyovishwa juu ya viatu. Mjue tu kwamba kabla ya kuingia bwawani kila mtu huoga kwa sabuni bila nguo, tena pamoja na wenzake wa jinsia moja, na wahudumu hawana mzaha na kanuni hiyo.

Muulizaji:
Nawashukuru sana. Nimemsomea mama majibu yote, na ameamua ni Reykjavik. Ila ameniagiza niulize kama hapo bafuni kuna hata pazia.

Jibu la tatu:
Baadhi ya mabwawa yana vyumba vichache vya kuogea vyenye mlango. Amwulize mhudumu mara tu anapoingia.