Naomba ushauri: b⁰ inakuwaje 1 wakati korosho zimeisha mkekani?

Habari za jioni ndugu zangu, na shikamooni wakubwa. Niko Masasi, namsaidia mdogo wangu wa kidato cha pili hesabu za vipeo, na tumekwama wote wawili.

Swali ni kurahisisha (3a²b)³ ÷ 9a⁷b³. Mwanzo alikuwa anaandika 3a⁶b³, anasahau kwamba hata ile 3 imo ndani ya mabano. Hilo limekwisha: nilimwandikia mabano mara tatu, akazidisha mwenyewe, akapata 27a⁶b³.

Shida ni kugawanya. Nilitandika mkeka, nikapanga korosho tatu juu kuwa b³ na tatu chini, tukawa tunaondoa mojamoja, ya juu na ya chini. Zikaisha. Akaniambia, "Dada, si unaona? Hakuna kitu, jibu ni 0." Najua b⁰ ni 1, mradi b yenyewe isiwe 0, lakini mkeka ulikuwa mtupu kweli na nikakosa la kumjibu. Nikajaribu 8, 4, 2, 1, yaani 2³, 2², 2¹, 2⁰, kila hatua tunagawa kwa 2. Kwenye namba alikubali, kwenye herufi akarudi kulekule.

Naombeni mnisaidie: mnamwelezaje mtoto b⁰ bila kumwambia akariri tu? Halafu mwisho nimepata 3a⁻¹, naye anang'ang'ania kwamba hiyo ni 1/(3a). Mimi naona ni 3/a, kwa kuwa kipeo kimeishika a peke yake. Niko sahihi? Ana jaribio Jumatatu.