Protini yangu ya vidole vya zinki haishiki DNA kabisa, naombeni ushauri

BintiMkoani:
Assalam alaykum jamani, roho yangu iko juu. Nipo Unguja nafanya utafiti wa masta, nimeagiza nje protini ya binadamu ya vidole vya zinki (inashika DNA kwa vipande vilivyofungwa na zinki), ile rikombinanti, yaani ya kutengenezwa maabara, vichupa viwili vya maikrogramu 20 kila kimoja, hela nyengine katoa mamangu alipouza karafuu zake Pemba. Mzigo ulikwama Dar siku tatu, unafika bandarini Malindi na boti barafu yote ishakuwa maji, ila protini yenyewe ni unga mkavu umeganda chini ya kichupa kama chumvi. Kimoja nimekiyeyusha kwa bafa (maji ya kuyeyushia) ya TE ileile tunayohifadhia DNA, nikafanya jeli kuona kama inashika DNA yake, maana DNA ilioshikwa na protini inateremka polepole na kubaki juu. Mara tatu nimerudia, DNA inateremka peke yake mpaka chini, mstari wa juu hauonekani hata kivuli. Joto limeiua njiani au mimi ndo nimekosea? Cha pili naogopa hata kukigusa.

KijanaWete:
Pole dada'angu. Hilo joto tu, wadai hela zako mapema.

MzeeWaBenchi:
Mwanangu usiharakie joto. Unga ulokaushwa vile kwa kawaida huvumilia siku chache nje ya friza. Kilichonishtua mimi ni hiyo TE, maana ndani yake mna EDTA, kemikali inayonyakua chembe za madini. Ile chupa ya damu ya kifuniko cha zambarau tunayotolea damu ya kipimo cha FBP (picha kamili ya damu), kwa nini damu haigandi mle? EDTA inanyakua kalsiamu, na bila kalsiamu damu haigandi. Basi na zinki inanyakuliwa vivyohivyo, tena inashikwa kwa nguvu zaidi kuliko kalsiamu. Na kidole chenyewe ni kipande kifupi, asidi amino kama 30 tu, kimekunjwa kikafungwa na chembe moja ya zinki, asidi amino za sistini mbili upande huu, za histidini mbili upande ule. Ukiing'oa ile zinki kidole kinalegea kama kamba ilofunguliwa fundo, kitashika DNA na nini? Na jeli umeendesha kwa bafa gani?

MamaNassir:
Samahanini mie si mtu wa maabara, hii protini ya binadamu inatolewa kwa nani, maiti? Na ndo zinki ile wanayopewa watoto wakiharisha?

MzeeWaBenchi:
La dada'angu, hakutolewa mtu kitu. Wanachukua jeni ya binadamu wanaipandikiza kwenye bakteria, mara nyingi E. coli, na bakteria ndo anaipika protini. Zinki ya watoto ni chumvi ya zinki kwenye kidonge. Hii protini ni ya utafiti tu, hailiwi wala haichomwi mtu.

BintiMkoani:
Baba, jeli nimeendesha kwa bafa ya TBE 😭 nayo ina EDTA! Na kile nilichokiyeyusha kinaokoka?

MzeeWaBenchi:
Kinaweza kurejea, lakini sistini zikikaa bila zinki zinashikana wenyewe kwa wenyewe, kwa hiyo ni kazi na maikrogramu 20 ni chache mno kuchezea. Mie ningekiacha. Cha pili kiache kiishe ubaridi mpaka kifikie joto la chumba kabla hujafungua, kizungushe kidogo kwenye sentrifuji unga uliorukia kifunikoni uteremke, halafu soma karatasi yake inataka nini. Isipokataza, tumia bafa ya Tris yenye chumvi, zinki kloraidi kidogo kiasi cha maikromola 10, na DTT (dawa ya kuzuia sistini zisishikane) mbichi ya siku ileile, usitie fosfeti kwani zinki itaganda nayo ikawa tope. Usikitikise kwa nguvu. Gawa papo hapo kwenye vichupa vidogo uweke nyuzi 80 chini ya sifuri, kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara ndo kunakozimaliza protini hizi, na umeme wetu mnaujua wenyewe. Jeli endesha kwa Tris na boreti peke yake.

KijanaWete:
Mie nilikosea basi, nafuta ushauri wangu.

BintiMkoani:
Nimeikuta ile karatasi kwenye boksi, imeroa mpaka wino umechujuka lakini mstari wa EDTA unasomeka, imeandikwa isitiwe. Jumatatu inshaallah nafungua cha pili, nitaendesha jeli mbili na protini ileile, moja bila EDTA na moja nimetia kusudi, nije niwaonyeshe picha zote mbili hapahapa.