Kupiga hema kando ya Ziwa Naivasha: viboko, waya wa umeme na watoto wadogo

Mama wa Wawili:
Hamjambo wanajukwaa. Mimi na mume wangu tunakusudia kwenda Naivasha mwezi wa Agosti, shule zitakapofungwa, tulale hemani siku mbili kando ya ziwa pamoja na watoto wetu, mmoja wa miaka 9 na mwingine wa miaka 6. Hatujawahi kulala hemani mahali penye wanyama. Shemeji yangu ametutia wasiwasi kwa kusema kwamba viboko hutoka majini usiku wakaja kula nyasi hadi ndani ya kambi, na sasa mume wangu anataka tukodi chumba. Je, hema ni salama? Na kwa kuwa tutakuwa na asubuhi mbili tu, tuzitumie vipi ili watoto waone wanyama?

Msafiri wa Bonde:
Shemeji yako amesema kweli, lakini kweli hiyo isiwafukuze hemani. Kiboko hushinda majini kwa sababu ngozi yake hukauka upesi juani. Jua likishatua hupanda nchi kavu kutafuta nyasi, akala kiasi cha kilo 40 kwa usiku mmoja, kisha akarudi majini kabla ya kupambazuka. Jambo la kukusaidia ni kwamba hupenda kupita njia zilezile. Kabla hamjapigilia kigingi cha kwanza, tembeeni ukingoni kungali mchana mzitafute. Njia ya kiboko ina mifereji miwili inayokwenda sambamba, katikati pakiwa na tuta jembamba la nyasi, kwa kuwa miguu yake ya kushoto na ya kulia imeachana sana, na vichaka vya kando huwa vimetapakaa kinyesi anachokirusha kwa mkia. Mkiziona alama hizo, hameni, hata kama hapo ndipo ziwa linapoonekana vizuri kuliko kwingine kote.

Chagueni kambi yenye waya wa umeme upande wa majini, na muulize huwashwa saa ngapi. Niliwahi kulala katika kambi moja ambayo waya ulikuwepo lakini umeme haukuwemo. Saa nane za usiku nilisikia nyasi zikinyofolewa karibu kabisa na kichwa changu, kisha pumzi nzito, kisha nyasi tena. Nilitulia tuli mpaka akaenda zake, na asubuhi nikakuta nyayo zimepita katikati ya hema langu na la jirani bila kugusa hata kamba moja. Aliye ndani ametulia ana nafuu. Hatari iko kwa anayetoka gizani akajikuta amesimama kati ya mnyama huyo na maji.

Mpishi wa Porini:
Mimi ningeongeza kwamba mkoke moto mkubwa na kuuacha uwake usiku kucha, maana wanyama wote huogopa moto.

Msafiri wa Bonde:
Ndugu yangu, hapo naomba tusikubaliane. Moto si ua, na kiboko aliyezoea kambi hauogopi kama tunavyodhani. Tena moto usio na mtu wa kuuangalia, karibu na turubai na chini ya migunga iliyokauka, ni hatari nyingine mmejiletea wenyewe. Uzimeni kwa maji kabla ya kulala.

Jicho la Furukombe:
Kuhusu asubuhi zenu mbili, ya kwanza iwe ya boti na muingie majini mapema iwezekanavyo. Inasemekana jina la Naivasha limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya maji yanayochafuka, na mchana utaelewa sababu, kwa maana upepo huvuma na mawimbi huinuka ghafla. Kila mtoto avae jaketi la kuokolea linalomtosha yeye, si la mtu mzima lililokazwa kwa kamba, na nahodha asiyakaribie makundi ya viboko hata mkimbembeleza.

Ziwa hili limo katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, yaani mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, tangu mwaka 1995, na utajiri wake hasa ni ndege: mwari, mnandi, mdiria na furukombe mwenyewe, anayetupa kichwa nyuma kila anapolia. Baadhi ya manahodha huchomeka kipande cha funjo ndani ya samaki ili aelee, wakapiga mluzi, na furukombe akaja kumnyakua. Watoto hufurahi mno. Mimi siupendi mchezo huo, na mkikaa kimya nusu saa mtamwona akivua mwenyewe.

Asubuhi ya pili nendeni Crescent Island, ambayo ni ukingo wa kreta ya volkano iliyozama ziwani. Huko mtu hutembea kwa miguu miongoni mwa twiga, pundamilia na kuro, jambo ambalo mtoto wa miaka 6 hatalisahau. Hell's Gate, hifadhi ya taifa iliyo jirani, nako huruhusiwa kutembea na kuendesha baiskeli, lakini kuna nyati, na kwa umri wa mdogo wenu ningesubiri. Msiache chakula hemani mnapoondoka, kwa sababu tumbili wa kule wanajua kufungua zipu.

Mama wa Wawili:
Nawashukuru sana, na mume wangu amesoma yote akalegea kidogo. Limebaki moja ambalo naona haya kuliuliza: mdogo huamka usiku kwenda haja, naye hajui kungoja.

Msafiri wa Bonde:
Usione haya, dada, hilo ndilo swali la maana kuliko yote. Chukueni ndoo ndogo yenye kifuniko, ikae ndani ya hema karibu na mlango, na mumzoeshe nyumbani kuitumia kabla ya safari. Mtu mzima akilazimika kutoka, amulike kwanza pande zote kwa tochi huku angali amechuchumaa mlangoni, na akiona macho yanang'aa arudi ndani amwite askari wa zamu. Pia mfungashieni mtoto soksi nzito na sweta, kwa sababu ziwa liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na usiku wa Agosti kule una baridi kali. Mtoto akipata baridi huamka mara mbili zaidi.