Tupeane uzoefu: safari ya jangwani mliyoamua usiku, mkaijutia asubuhi

Mzee wa Probox

Wadau, naanza mimi ili anayeogopa kuchekwa apate ujasiri.

Ilikuwa Ijumaa usiku, Isiolo, watu wanne na sahani ya mbuzi choma. Mmoja wetu akasema amezaliwa Kenya, amefika miaka 34, na jangwa hajawahi kuliona. Saa nne usiku tulikuwa tumeamua. Saa kumi alfajiri tulikuwa barabarani ndani ya Probox yangu, na mtungi wa maji wa lita 5, kreti ya soda na miraa ya kutosha harusi. Hakuna aliyemwambia mkewe tunakoenda, maana hakuna aliyekujua vizuri.

Lami ndiyo iliyotuponza. Zamani Isiolo hadi Moyale ilikuwa safari ya kuandikia wosia. Sasa ni lami tupu, unauona mlima Ololokwe ukipita, unafika Marsabit bado unanukia sabuni. Ukifika kirahisi hivyo unadhani kaskazini yote ni hivyo hivyo.

Marsabit tukajaza mafuta. Bubisa tukaiacha lami, tukashika njia ya Maikona. Mawe meusi ya volkano, mengine ukubwa wa sufuria ya ugali. Pancha ya kwanza tuliipata kabla ya Maikona, spea ikatumika, tukaendelea. Hapo mtu mwenye akili angegeuza gari. Sisi tuligawana soda.

Mbele kidogo, kuelekea Kalacha, mawe yakaisha na Chalbi, jangwa lenyewe, ikafunguka. Nyeupe, tambarare, kama mtu amemwaga unga wa chapati hadi mwisho wa macho. Upande wa kulia tukaona ziwa, lina na miti kabisa. Mwenzetu akatangaza kwamba ni Turkana. Turkana iko upande mwingine, tena mbali sana. Yale yalikuwa mazigazi. Alama za magurudumu zilienda kila upande, na dereva (mimi) akachagua zile zilizonyooka zaidi.

Tusichokijua ni kwamba Chalbi zamani ilikuwa ziwa, na mpaka leo mvua ikinyesha milima ya Huri au Marsabit maji huteremkia pale. Juu hukauka ganda la chumvi, chini tope linabaki. Siku hiyo hapakuwa na wingu hata moja. Ila ardhi ilianza kugeuka rangi, kutoka nyeupe kuwa kahawia kama chai ya maziwa, na mimi nikaona tu inapendeza. Nikasikia mlio kama wa kutafuna kaukau. Kisha gari ikapiga magoti kama ngamia, mbele kwanza, halafu nyuma.

Jeki tuliweka. Ikawa tunapiga jeki, jeki inaingia ardhini, gari iko pale pale. Hakuna hata jiwe la kuwekea, na muda si mrefu uliopita tulikuwa tunayatukana mawe.

Jioni akatokea mzee wa Kigabra na kijana wake na ngamia, wakilizunguka lile eneo la kahawia kwa mbali. Mzee akawaacha ngamia, akaja, akaizunguka Probox mara moja.

"Nani aliwaambia mpite hapa?"

Tukanyamaza.

"Ni nyinyi wenyewe?"

"Ni sisi, mzee."

Alicheka mpaka akaegemea fimbo. Akatuambia tulale ndani ya gari, asitoke mtu kwa miguu, maana Kalacha inaonekana karibu na si karibu. Kijana akatuletea maziwa ya ngamia kwenye chombo cha kusuka, yananuka moshi mpaka ndani ya pua. Nilikuwa natafuna miraa tangu Isiolo, mdomo umekuwa ngozi ya kiatu. Sijanywa kitu kitamu kama kile tena.

Usiku kucha upepo ulituchapa. Asubuhi lori la mbuzi kutoka North Horr likasimama mbali, kwenye nyeupe, na dereva akakataa kusogea hata hatua. Tanboi ndiye alikuja kwa miguu na kamba begani. Akaitazama jeki yetu, akaitazama ile tairi ya pancha, akailaza tairi chini na kuweka jeki juu yake. Basi. Gari ikainuka! Watu wanne, wawili wana digrii, tumelala na hiyo tairi ndani ya gari usiku mzima. Tukatandika mazulia ya gari na magunia chini ya magurudumu, lori likavuta. Mara ya kwanza ilitoka bampa peke yake. Mara ya pili ikatoka gari.

Dereva hakutaja bei. Alichukua soda zilizobaki, akauliza kama tuna miraa.

Haya, nani anafuata?

Kiguu na Njia

Pole mkuu, hapo kwenye bampa nimecheka mpaka nimeulizwa ofisini.

Sisi Bongo hatuna jangwa la kujidai nalo, ila tulikwenda kutafuta ule mchanga unaohama kule Olduvai, ule wa majivu meusi ya volkano. Rafiki yetu alikuwa na picha yake ya zamani, amesimama kwenye kibao chenye mwaka, rundo liko nyuma yake. Tukakitafuta kibao, tukakipata. Mchanga hakuna. Tukazunguka nusu saa tukilaumu simu, mpaka kijana wa Kimaasai aliyekuwa akichunga akatunyooshea fimbo: si lile pale? Rundo lenyewe linasogea kama mita 17 kwa mwaka, na vibao vimewekwa kuonyesha lilikokuwa. Tulikuwa tumelipa viingilio na mafuta kwenda kupiga picha na kibao.

Binti wa Mji Mkongwe

Mzee wa Probox, nyie afadhali lilikuwa tope. Letu sisi ulikuwa ubishi.

Mie nipo Maskati miaka sasa. Ijumaa moja ya Januari, baada ya chakula cha mchana, watoto wa ami yangu wakashikwa na wazo la kwenda jangwa la Wahiba kuangalia jua likitua. Kutoka Maskati mpaka Bidiya ni zaidi ya saa mbili, kwa hivyo jua lenyewe tulilikuta limeshatua, lakini nani akubali kurudi? Gari ilikuwepo, Land Cruiser ya haja, na dereva ni binamu yangu aliyezaliwa huku huku, anayeamini kuwa mchanga unamjua kwa jina.

Huku kabla hujaingia mchangani unapunguza upepo wa magurudumu. Aliye na PSI 35 anashusha mpaka 15 hivi, tairi litandazike, likanyage kwa upana badala ya kuchimba. Binamu akasema gari kubwa haina haja hiyo. Tuta la kwanza tukapanda. La pili tukapanda nusu. Basi akawa anakanyaga mafuta, na kila akikanyaga tunazidi kushuka, mpaka milango inakwamia mchangani.

Tukaanza kuchimba kwa mikono na sinia la biriani. Huku tunagombana, tena kwa Kiswahili, maana Kiarabu cha kugombana tunacho lakini hakikidhi. Mara ikaja taa, pikapu, akashuka mzee na kilemba chake. Akasimama anatusikiliza. Tukamsalimia kwa Kiarabu kwa adabu zote. Akatujibu:

"Punguzeni upepo kwanza, wanangu, kisha mgombane."

Tulinyamaza kama tuliomwagiwa maji. Kazaliwa Wete, kaondoka mdogo mwaka 1964, na Kipemba chake hakijaingia kutu. Akaokota kijiti, akabonyeza kinywa cha kila tairi, anahesabu kwa sauti moja mpaka sitini, na tairi linahema. Kisha akamshusha binamu kwenye usukani bila ya kumuomba ruhusa, akairudisha gari nyuma kwa alama zake zile zile, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto.

Akatuchukua kwake kwa kahawa na tende mpaka saa sita za usiku. Habari za kwetu aliuliza moja tu: siku hizi pishi ya karafuu bei gani? Hakuna aliyejua. Binamu akataka kukisia, mzee akamtazama, akaacha.

Ndugu wa Bukavu

Miye ni mutu wa Bukavu, niko Phoenix, Arizona, kule Amerika, Kiswahili changu mutanisamehe. Huku jangwa ndilo linakufuata wewe.

Ilikuwa mwezi wa saba, tumetoka misa, ndugu wa Tucson anapiga simu kwamba sombe (nyinyi munaita kisamvu) iko jikoni. Sombe haingojei mutu. Tukaingia barabara ya 10, watu watano. Katikati ya njia tukaona ukuta wa rangi ya matofali unatembea, mrefu kupita kanisa. Ni vumbi, linasukumwa na upepo wa mvua za kiangazi. Dakika moja tu na kioo cha mbele kilikuwa kama kimepakwa udongo.

Nikatoka pembeni kabisa ya barabara, nikasimama, nikawasha taa zote ili watu watuone. Mukubwa wangu, ambaye kazi yake ni lori, akapiga kelele: "Zima! Zima zote! Toa na mguu kwenye breki!" Nikazima, nikakaza breki ya mkono. Sababu alinieleza baadaye. Dereva wa nyuma haoni njia, anatafuta taa nyekundu ya kufuata. Akiona yako anajua unatembea, anakufuata mpaka anakuingia.

Tulikaa kwenye giza saa kumi ya jioni, mama anasali rozari, tunasikia malori yanapita na gari inatikisika, hatuyaoni. Sombe tulikula kesho yake.

Kiguu na Njia

Hiyo ya kuzima taa sikuijua. Mimi ningewasha mpaka tochi ya simu.

Swali kwa Mzee wa Probox: wake zenu je? Na bampa?

Mzee wa Probox

Wangu alijua Jumapili, alipoiona gari ikiingia bila uso. Sikuulizwa kitu, nilipewa chakula kimya kimya, na wenye ndoa wanajua maana yake.

Bampa iko, nimeifunga kwa kipande cha kamba ya lori. Chumvi ndiyo ilileta shida. Fundi alipoinua gari akaanza kukwangua chini, akajaza ndoo, akaniuliza kama siku hizi nabeba samaki.