Watoto 46 darasa la awali, niwape shughuli gani zaidi ya kuandika a e i o u?

MwlMoro
Wakuu habari za jioni. Mi ni mwalimu wa awali huku Morogoro, shule ya serikali, nina watoto 46, wengi wana miaka mitano ila kuna wawili watatu wamepachikwa tu humo, ukiwaangalia unajua kabisa hawa hata minne hawajafika. Chumba kimoja, msaidizi sina, madawati ni yale marefu ya wakubwa, miguu inaning'inia. Asubuhi wako vizuri ila wakishakunywa uji wa saa nne basi tena, huyu kamng'ata mwenzie, yule yuko chini ya dawati anaimba. Mtaala wenyewe unasema wajifunze kwa michezo na mi sina ubishi, tatizo mzazi akija anafungua daftari, asipokuta vema anauliza "kwa hiyo leo mmeshinda mnacheza?" Naomba mawazo ya vitu visivyoomba hela, maana hata manila nanunua kwa mfuko wangu.

mama_wa_ufinyanzi
Mwalimu, udongo. We tafuta udongo wa kichuguu, ponda, chekecha utoe mawe na mizizi, loweka mpaka kesho yake ndo uukande. Unakuwa laini haunati mikononi. Wape kila mmoja donge la ngumi waache wafinyange, usiwaambie wafinyange nini, utaona sufuria, bodaboda, kuna mmoja atakufinyangia wewe na fimbo yako. Kazi zao zianike kivulini maana jua likizipiga moja kwa moja zinapasuka halafu utashinda unabembeleza vilio. Huo wa unga wa ngano na chumvi wanaouonyesha mitandaoni mi hapana, unga wenyewe bei gani, na mtoto aliyekuja bila kula utamwambiaje huu si wa kula?

BintiUnguja
Naunga mkono udongo. Mimi nafundisha skuli ya maandalizi huku Unguja, tumefundishwa utaratibu wa kona, ule ulioanza kwenye madrasa za Mombasa miaka ya 80 ukaja na huku kwetu. Chumba unakigawa, pembe hii mkeka wa vitabu na picha, ile vitu vya kujengea, nyengine nyumbani, nyengine duka. Duka ndo linavuta watu wallahi. Maboksi matupu ya dawa ya mswaki na majani ya chai, chupa za maji, pakiti za sabuni, waambie watoto walete kutoka majumbani kwao, pesa kateni za maboksi. Wangu mmoja mtulivu sana, darasani humsikii sauti, siku aliyowekwa muuza duka kamwambia mwenzake "deni hakuna, mamako bado hajalipa la juzi." Hapo kahesabu, kazungumza, kapanga vitu kwa ukubwa, na kalamu hajaigusa. Kwa watoto 46 usiwaachie wote kwa pamoja, gawa makundi matano sita, kila kundi na kona yake, ukipiga ngoma wanahama. Wiki ya mwanzo itakuwa vurugu, vumilia.

BabaG
Mtanisamehe walimu, mi naongea kama mzazi. Shule ya kulipia hapa mtaani kwetu mtoto wa miaka minne anaandika sentensi, wa kwangu yuko awali ya serikali anarudi na matope kwenye kaptula. Akifika la kwanza wakakuta KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, hajui nani atalaumiwa? Mambo ya kona na duka ni ya shule za Montessori za wenye nazo huko.

teacher_Kwale
BabaG pole lakini hapo sikubaliani na wewe. Huyo Maria Montessori mwenyewe, daktari wa Italia aliyeanzisha mfumo huo, alianza 1907 San Lorenzo, mtaa wa maskini kule Rome, watoto wa vibarua, walikuwa kama hamsini chumba kimoja, na kazi zao zilikuwa kufunga vifungo, kufagia, kumimina maji. Wenye pesa walikuja baadaye. Na huyo anayeandika sentensi na miaka minne hebu muangalie anavyoshika penseli, ngumi nzima, anakandamiza hadi karatasi inatoboka. Vidole bado havina nguvu. Mimi huku PP1, yaani awali ya mwaka wa kwanza kwetu Kenya, nawapa vibanio vya nguo wabane kwenye kamba, gazeti kuukuu walichane vipande vyembamba, kuokota choroko moja moja kwa vidole viwili watenge na maharagwe. Hiyo ndiyo kuandika kwenyewe, vile tu haionekani kwa daftari. Ila choroko kaa nazo macho, kuna mtoto lazima atie moja puani, kwa hao wadogo wako tumia vizibo vya madumu ya mafuta, vile vikubwa.

Na wazazi waite mara moja kwa muhula, usiwahutubie, waketishe kwenye mikeka uwape hiyo choroko watenge wakiwa wamefumba macho, kwa kupapasa tu. Watacheka weee halafu wenyewe watauliza hii inasaidia nini, hapo sasa ndo uwaeleze.

BabaG
Sawa mwalimu wa Kwale, nimekusoma. Ila vema moja moja muwekee jamani, mama yake huwa anamuuliza.

MwlMoro
Asanteni sana, kichuguu kipo nyuma ya vyoo, kesho natuma wa darasa la sita wanichimbie. BintiUnguja nina swali, madawati yenyewe nafanyaje? Siwezi kuyatoa, wa la tatu wanaingia humo humo mchana.

BintiUnguja
Yasukume yote ukutani, mawili yapindue ubavu yawe ukuta wa duka. Kama kuna mwembe basi kona mbili zitoe nje kabisa, udongo na maji. Mchana wakubwa wakiingia wayarudishe wenyewe, mkubaliane na mwalimu wao mapema maana wengine ni wakali.

mama_wa_ufinyanzi
Na we mwenyewe kakague hicho kichuguu kwanza, kisije kikawa na siafu au nyoka kalala humo.