Tabora: Ekari 140 za kijiji zimethaminiwa kama pori, nyumba zitauzwa kwa bei ya mjini

Wakuu, heshima kwenu. Nimevumilia nimeshindwa. Naomba mnisome hadi mwisho, na wathamini mliomo humu msipite kimya kimya.

Kijiji chetu kipo mkoani Tabora. Jina silitaji kwa sababu bado tunaishi na viongozi hao hao. Tuna eneo la pamoja la ekari 140 hivi ambalo halijawahi kuwa la mtu. Kwenye mpango wa matumizi ya ardhi limeandikwa malisho na msitu wa kijiji, na cheti cha ardhi ya kijiji tunacho. Sasa taasisi moja ya umma inalitaka ijenge nyumba za makazi, na hesabu ya fidia imeletwa: shilingi laki tano kwa ekari, jumla milioni 70. Mtendaji alitusomea kama anayetugawia zawadi.

Milioni 70 kwa sikio la mkulima wa tumbaku ni hela nyingi, na ndiyo maana wapo waliopiga makofi. Lakini kaeni chini mpige hesabu. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Laki tano ukiigawanya humo unapata shilingi 123 na senti kwa mita. Bei ya andazi haifiki! Ng'ambo ya barabara, viwanja vilivyopimwa vinauzwa shilingi elfu tano kwa mita moja hiyo hiyo, udongo ule ule, mvua ile ile.

Najua mtasema kupima kuna gharama, na barabara zinakula ardhi. Sawa. Toa asilimia 40 nzima kwa barabara, shule na maeneo ya wazi. Zinabaki mita 340,000 hivi. Zidisha kwa elfu tano: bilioni 1.7. Toa tena upimaji, toa kuchonga barabara, toa maji na umeme, toa mnachotaka. Milioni 70 bado haielezeki. Na nyumba zenyewe hatutapewa bure. Zitauzwa, na mwanakijiji ambaye ng'ombe wake walikuwa wanalala pale hataweza kulipa hata kianzio.

Hiyo laki tano ilitoka wapi? Mthamini alikuja na afisa ardhi, wakazunguka na GPS, wakahesabu lambo letu na miembe michache ya pembezoni, wakaondoka. Miyombo, miti ya asili ya msitu wetu, haikuhesabiwa, eti imejiotea yenyewe. Mzee mmoja wa kwetu akamuuliza mthamini, "Mwanangu, na mizinga ya nyuki je?" Akajibiwa mizinga inahamishika. Inahamishikia wapi, jamani? Nyuki hawahamii kwenye shamba la tumbaku! Mkoa huu huu una chuo cha ufugaji nyuki, vijana wanafundishwa kwamba msitu wenye nyuki ni mali, halafu serikali hiyo hiyo ikija kuuchukua unakuwa pori tupu.

Niwaambie pale kuna nini. Masika yakianza kina mama wanaingia alfajiri kuokota uyoga, wanauza kwa sado barabarani, na kwa wengine ndiyo ada na daftari za watoto. Nyasi za kuezeka zinatoka pale. Kiangazi mashamba yakiwa makavu, mifugo ya vitongoji vyote inakunywa kwenye lile lambo, na lambo hilo tulilichimba kwa nguvu zetu, hakuna mradi uliotusaidia. Matawi makavu ndiyo kuni za jikoni. Mjane asiye na shamba wala ng'ombe ana sehemu yake pale sawa na mwenye ng'ombe mia. Eneo likienda, huyo ndiye anayebaki hana kitu kabisa, kwa sababu fidia ya jina lake haipo popote.

Sheria haisemi ardhi isiyolimwa haina bei. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na inayolipwa kwa wakati, na msingi wake ni thamani ya soko. Kanuni za 2001 za kuthamini ardhi kwa ajili ya fidia, Tangazo la Serikali Na. 78, zinasema thamani hiyo inapatikana kwa kulinganisha na mauzo halisi ya karibuni ya mali zinazofanana, au kwa kuangalia kipato ambacho mali inaingiza. Basi tunaomba kitu kidogo tu: tuonyesheni hayo mauzo mliyolinganisha nayo. Ni shamba la nani, liliuzwa lini, liko umbali gani na barabara? Na kama mnasema malisho ya kijiji hayauzwi hivyo hakuna cha kulinganisha, basi hesabuni kipato: asali, uyoga, nyasi, maji ya mifugo, mwaka hadi mwaka. Hawakufanya la kwanza wala la pili. Walichukua bei ya porini kabisa wakaibandika hapa, karibu na lami.

Na utaratibu ndio unaoniuma zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, kifungu cha 4, inasema eneo lisilozidi hekta 250 likitakiwa kuhamishwa kutoka ardhi ya kijiji, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Ekari zetu 140 ni kama hekta 57. Na ardhi haihamishwi kabla aina, kiasi na muda wa kulipa fidia havijakubaliwa. Kwetu mambo yamepitishwa na halmashauri ya kijiji, kisha muhtasari ukaambatanishwa na mahudhurio ya kikao cha michango ya madawati. Mimi jina langu limo! Nilisaini madawati, leo naambiwa niliridhia kuuza malisho.

Kuna jambo jingine wasilotaka kulizungumza. Kazi ya uthamini ilifanyika 2022. Sheria ya Uthamini ya 2016 inasema fidia isipolipwa ndani ya miezi sita tangu Mthamini Mkuu aidhinishe inaanza kuzaa riba, na ikipita miaka miwili uthamini unakufa, unafanywa upya. Tukiuliza uliidhinishwa tarehe gani tunaambiwa hiyo ni nyaraka ya ofisi. Nyaraka ya ofisi inayohusu ardhi yetu! Na tangu wakati huo ujenzi wa reli ya kisasa umepandisha bei za ardhi kila upande.

Wapo watakaosema tunapinga maendeleo, au kwamba ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini. Ndiyo, ni mdhamini, kwa niaba yetu. Sheria ya Ardhi yenyewe inatambua kwamba haki juu ya ardhi ina thamani. Nyumba zijengwe, walimu na manesi wetu wanapanga vyumba vibovu, tunawaona. Ila nyumba ya bei nafuu isipatikane kwa kumpunja mwanakijiji ili mnunuzi wa mjini apate unafuu.

Wazee wameshamwandikia mwenyekiti kudai mkutano mkuu wa dharura, barua imepokelewa na kugongwa muhuri. Tutadai uthamini upya, jedwali la fidia lisomwe hadharani mstari kwa mstari, na fedha ziingie akaunti ya kijiji kabla greda halijakanyaga.

Ninachohitaji humu ni msaada wa kweli. Kama kijiji chenu kiliwahi kupinga uthamini wa eneo la pamoja, semeni mlianzia ofisi ipi na mlidai karatasi gani. Na mthamini aliyesajiliwa atakayekubali kuja kutusomea hizo hesabu aniandikie faragha. Nauli, malazi na malipo yake tutachanga, wafugaji wameshaanza kutoa.